Mkanda wa Bunduki na Mafuta ya Mbarika

Siku ile tulikuwa watu sita ndani ya kibanda cha mabati kule Kariobangi. Alikuwepo mzee, fundi wa ngozi, mwenye kibanda. Alikuwepo mteja wake kutoka Buruburu, bwana wa ofisi ya serikali, mwenye bunduki. Alikuwepo baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yetu, aliyekuwa ameingia Nairobi asubuhi hiyo kwa basi na koti lake la baridi. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, na kitinda mimba wetu wa kiume, wote wawili wamevaa sare za shule ingawa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu hizo ndizo nguo zao zilizokuwa nzima. Na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nawataja wote kwa sababu jambo lililosemwa pale lilisemwa mbele ya sote, na katika hao sita, watatu tulijua kwamba ni uongo.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alitangulia zamani, mdogo wetu akiwa bado anatambaa. Mama alikuwa akisuka viondo, na kila alipomaliza vitano au sita alivipeleka kwa mzee avitie mikanda ya ngozi kabla ya kuvipeleka mjini kwa wauzaji. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Baada ya mazishi nilirudi shuleni wiki mbili, nikaona haiwezekani. Nikamalizia viondo ambavyo mama alikuwa ameviacha nusu, nikavipeleka kwa mzee. Alivigeuzageuza, akauliza nani amevimalizia, nikamwambia ni mimi. Hakusema pole wala hakusema vizuri. Alinipa msharasi na kipande cha ngozi akaniambia nitoboe matundu kumi yaliyo sawa. Nilipomaliza aliyapapasa kwa kidole gumba, akaniambia nije kesho.

Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Alinibandika jina la "karani," maana yeye hakujua kusoma, nami nilianza kuandika kwenye daftari mzigo upi ni wa nani. Kwao ni Ukambani. Alikuwa ametumika miaka mingi na wawindaji wa Kizungu, akishona matandiko ya farasi, mikoba ya risasi na mikanda ya bunduki, hadi uwindaji ulipopigwa marufuku na wale watu wakaondoka. Ndipo akajenga kibanda chake kati ya mafundi wa sufuria na masanduku ya bati. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa mikanda ya viondo na ya suruali. Lakini watu waliokuwa na bunduki za kibali walimjua, na walitoka mbali kumtafuta. Jina lake lilitembea kuliko yeye mwenyewe.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na shamba lisilowatosha hao saba. Alipokuja kutuona baada ya mwaka kwisha, alikaa kwenye kitanda, maana kiti kilikuwa kimoja na tulikuwa tumeweka jiko juu yake, akatueleza alichofikiria. Kitinda mimba angekwenda naye nyumbani, asome huko na kumsaidia kuchunga. Mdogo wangu wa kike angekwenda kwa shangazi mmoja Nakuru, kulea mtoto. Mimi ningetafutiwa mahali. Alisema hivyo kwa upole, akiangalia sakafu. Nilimwambia nina kazi na tunaweza kukaa pamoja. Akaniuliza ni kazi gani, kazi au kusaidia tu?

"Nipe neno la mtu mzima," akasema. "Nisikie kwa mdomo wa tajiri wako kwamba una kazi na kazi yenyewe unaijua. Nikisikia hivyo, nitawaacha. Nisiposikia, shule zikifungwa nawachukua."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Wadogo zangu wangelala chumba kimoja nami, au wangelala Nakuru na shambani.

Nilipomweleza mzee, aliendelea kukata ngozi mpaka akafika mwisho wa kipande. Kisha akasema hawezi kumwambia mtu mzima mwenzake kwamba mimi ni fundi ilhali sijamaliza kitu changu mwenyewe tangu kuchagua ngozi hadi uzi wa mwisho. Akasema tungoje ije kazi inayofaa.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya bwana wa Buruburu.

Alisimamisha gari lake dogo barabarani akaja kwa miguu akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la mistari, kama anayebeba mtoto mgonjwa. Alivaa suti ya mikono mifupi ya rangi ya samawati, ya wakubwa wa maofisi siku zile. Mzee alitaka kwanza kuona kibali. Akanipa nikisome. Nikasoma jina, namba na muhuri, nikasema ni sawa. Hapo ndipo blanketi likafunguliwa, na nyundo za majirani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Ilikuwa bunduki ya midomo miwili, ya marisau, kitako chake cha mti mwekundu uliong'aa. Mzee aliivunja pale inapokunjika, akaangalia ndani ya mitutu yote miwili kuelekea mwangani kuhakikisha hamna kitu, ndipo akailaza mezani. Alifanya hivyo kwa kila bunduki, hata kama mwenyewe ameapa kwamba haina risasi.

Mteja alieleza kwamba ana shamba la mahindi kwao na nyani wanalimaliza. Mke wake akiwafukuza wanakaa juu ya mawe kumtazama.

"Na wewe je?" mzee akauliza.

"Mimi wakiniona na suti wanaendelea kula."

Fundi wa masanduku akaita kutoka ng'ambo ya njia, "Mzee, leo unashonea serikali?" Mzee akamjibu bila kuinua kichwa kwamba anashonea nyani.

Kisha akaanza maswali yake. Nilikuwa nimemsikia akiuliza wateja wengine, lakini siku ile nilisikiliza kwa sababu nilijua kazi ni yangu. Bunduki inakaa bega gani? La kulia. Mdomo unatazama juu au chini? Juu. Kuna mto wa kuvuka? Hakuna. Kuna waya wa kupita chini yake? Upo, wa jirani. Ukiwa shambani unavaa nini? Koti la mvua. Mteja alianza kucheka, akasema amekuja kununua mkanda, hakuja kuandikishwa jeshi. Mzee akamwambia kwamba mkanda mbaya mtu huujua akiwa ameinama chini ya waya, mikono yote miwili imeshika nyasi.

Juu ya msumari ilining'inia mikanda mitatu ya mfano. Wa kwanza ulikuwa wa turubai, mpana vidole viwili, kama wa askari. Mzee alimwambia huo ndio bora kwa shamba. Hautelezi begani, haulii ukitembea, ukilowa unakauka. Wa pili ulikuwa ukanda mwembamba wa ngozi, mwepesi, lakini ukibeba nusu saa unakula bega. Wa tatu ulikuwa wa ngozi vilevile, mwembamba ncha zote mbili na mpana katikati pale unapolalia bega, na pembeni una mstari wa mshono mweupe. Huo ulipendeza kuliko yote. Mzee alisema ni mzuri kwa anayeutunza.

Mteja aliuvaa ule wa turubai, akajitazama kwenye kioo kidogo tulichokuwa nacho cha wanunuzi wa mikoba. Akautoa. Alisema akivaa huo ataonekana askari wa zamu, na wakwe zake wanaishi ng'ambo ya shamba lile lile. Akachagua wa tatu.

Mzee hakubishana. Alipima kwa kamba ya katani kutoka pete ya chuma iliyo chini ya mtutu, juu ya bega, hadi pete ya kwenye kitako, huku mteja amevaa koti la mzee mwenyewe ili nafasi ya koti isisahauliwe. Akafunga fundo kwenye kamba akanipa. Kisha akasema, "Huu utashonwa na karani."

Mteja akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi ndara. "Msichana ashone mkanda wa bunduki?"

"Bunduki haijui," mzee akasema.

Wakaelewana siku ya Jumamosi, wiki mbili baadaye. Nilimtumia baba mdogo ujumbe kwa dereva wa basi la kwetu kwamba aje Jumamosi hiyo hiyo. Nilitaka akute mkanda umekwisha, mteja ameridhika, na neno linatoka lenyewe bila kuombwa.

Tulichagua ngozi pamoja na mzee, ya mgongo wa ng'ombe, isiyovutika. Akaniambia mambo machache. Moja lilikuwa kwamba upande wa nyama, ule unaogusa bega, niuache ulivyo, mkwaruzo wake usiguswe. Niliandika kwenye daftari. Ninaweza kuliona neno hilo hata leo, kwa mwandiko wangu wa shule. Kisha akaenda kwao kupanda, maana mvua ilikuwa imeanza, akasema atarudi Jumamosi yenyewe asubuhi, na kwamba hatauangalia mkanda mpaka uwe mkononi mwa mteja. Kazi ilikuwa yangu.

Nilikata siku moja, nikatoboa siku mbili, nikashona siku tatu. Mshono ulikaa sawa kuliko ule wa mfano. Nasema hivyo bila haya. Kibanda kilikuwa kimya bila mzee. Majirani walinisalimu asubuhi na kuniaga jioni, na katikati yake sikuongea na mtu. Nilizoea mwaka ule kukaa hivyo, mikono ikiwa na kazi na mdomo hauna. Wasichana tuliosoma pamoja walipita barabarani na vitabu vyao, wengine wakanipungia mkono, wengine wakawa hawajaniona.

Mkanda ulipokwisha nikauchukua nyumbani. Niliuweka begani pangu na ule upande wa nyama ukaniparuza shingoni kama ulimi wa paka. Nikafikiria bega la yule bwana na suti yake. Ukutani kwetu ulikuwa ukining'inia mukwa wa mama, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu hupitisha kwenye paji la uso ili kubeba kuni na mitungi mgongoni. Mama aliutumia hata hapa mjini, miaka ya bomba la mbali. Msichana yeyote wa kwetu anajua jinsi ukanda huo unavyotengenezwa. Mpya ukiwa mkavu unakula nywele na kuacha alama kwenye paji. Kwa hiyo unaukwangua upande wa ndani kwa kipande cha chupa hadi ulainike, halafu unaupaka mafuta ya mbarika, unauanika, unaupaka tena, hadi uwe kama kitambaa. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba. Mkanda usiopakwa mafuta, alisema, ni wa mtu asiyempenda atakayeubeba.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenishushia chupa ya mafuta kutoka juu ya kabati, ile ambayo nyanya alituletea. Nikakwangua. Nikapaka mara tatu kwa siku mbili, nikauanika dirishani mchana. Ulilainika vizuri mno. Ulilala juu ya mkono wangu kama kitu chenye uhai. Nilidhani mzee alisahau tu, au mikanda ya wanaume haikuwahi kupata mtu wa kuihurumia. Nilijua aliniambia nisiguse. Nilitaka kazi yangu iwe zaidi ya alivyoniambia.

Jumamosi ikafika. Mzee aliingia na vumbi la safari viatuni. Baba mdogo alikuwa amefika kabla yake na kukaa kwenye boksi, wadogo zangu wamesimama pembeni yake. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, Mkamba na Mkikuyu wakipatana vizuri kabisa juu ya mahindi. Kisha mteja akaingia na blanketi lake, mwenye haraka, gari likiwa limewekwa vibaya barabarani.

Mzee aliivunja bunduki akaangalia ndani. Nikaleta mkanda umefungwa kwenye gazeti. Nilipoufungua nilimwona mzee akiinua pua. Mafuta ya mbarika yana harufu yake, haifichiki. Alinitazama mara moja. Nilielewa kabla hajasema kitu kwamba nimefanya kosa, ingawa sikujua ni lipi.

"Bwana, tungoje kidogo," akasema.

Lakini mteja alikuwa ameshautwaa, ameshapitisha ncha kwenye pete na kufunga bizimu, akisifu mshono. Akaitia bunduki begani. Akasimama wima, akajiangalia kwenye kioo, akatabasamu. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilidhani labda itapita.

"Si uliniambia habari ya waya?" mteja akamwambia mzee kwa utani, akainama kama mtu anayepita chini ya ua.

Mkanda uliteleza juu ya ile suti kama nyoka. Bunduki ikaanguka sakafuni, kwenye saruji, kwa kitako. Haikuwa na risasi na haikumgusa mtu. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa mti mkavu. Mteja alipoiokota, shingo ya kitako ilikuwa na ufa unaoingia ukucha wa kidole. Na begani pake, juu ya rangi ya samawati, ulikuwa mstari mpana wa mafuta.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliugeuza mkanda, akaupapasa upande wa ndani, akanusa vidole vyake. Nyundo za nje zilikuwa zimenyamaza tena.

"Nani amepaka hiki kitu mafuta?"

Alikuwa akinitazama mimi. Baba mdogo pia alikuwa akinitazama. Nilifungua mdomo. Ninajua niliufungua, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa mkavu.

"Kushona ameshona huyu," mzee akasema. "Mafuta nilipaka mimi."

Mdogo wangu wa kike aliinua kichwa. Yeye alijua mzee alikuwa Ukambani, na alijua chupa ilitoka juu ya kabati letu. Alinitazama, nami nikamtazama, akainamisha kichwa tena.

"Wewe?" mteja akasema. "Wewe mzee, na miaka yote hiyo?"

"Mimi."

"Hata mtoto anajua mkanda wa bunduki haupakwi mafuta upande wa bega."

"Ndivyo," mzee akasema. "Nilisahau."

Mteja aliutazama mshono tena, akautazama ufa. Kisha akamwambia mzee kwamba ni wakati apumzike, aende akachunge mbuzi, aache kazi kwa walio na macho. Akaninyooshea kidole. Alisema kama si huyu msichana hakuna hata kitu kimoja cha kusifiwa kwenye mkanda ule. Mzee akamwambia aiache bunduki, atamtafutia seremala anayejua vitako. Mteja akakataa, akaifunga kwenye blanketi, akatoka. Mkanda aliuacha mezani.

Baba mdogo alikohoa. Alikuwa mtu wa heshima na hakutaka kuendelea kuwepo mbele ya aibu ya mwenzake. Lakini alikuwa ametoka mbali kuja kusikia neno moja, kwa hiyo akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu mtoto wa kaka yake.

"Ana kazi hapa," mzee akasema. "Umesikia mwenyewe huyo bwana alivyosema. Huyu ni fundi."

Basi. Baba mdogo alisimama akampa mkono mzee kwa mikono yote miwili. Alituaga mlangoni, akamshika kitinda mimba kichwani, akaondoka kwenda kutafuta basi la mchana. Wadogo zangu nikawapeleka nyumbani. Njia nzima kitinda mimba aliuliza kama kweli hatahama, nami nikamwambia hatahama, na mdogo wangu wa kike alitutangulia hatua chache. Hatujazungumza habari ile hadi leo, yeye na mimi, na sasa ana wajukuu.

Niliporudi kibandani mzee alikuwa anakata ngozi. Nilisimama pale mezani nikaanza kusema kwamba ni mimi, kwamba mama, kwamba mukwa. Akanikatiza.

"Karani, yule mama wa viondo anakuja saa kumi. Shona."

Nikashona.

Sikuelewa siku ile alichokitoa. Nilidhani ametoa fedheha ya saa moja. Lakini yule bwana alifanya kazi na watu wenye bunduki, na wote walinunua kwa kuambiana. Miezi michache baadaye hakuna aliyekuja tena kutoka Buruburu wala kutoka ofisi za mjini. Mikanda ya mfano ilibaki kwenye msumari ikishika vumbi. Majirani, ambao walikuwa wamesikia yote kupitia mabati, hawakuacha utani. Fundi wa masanduku alikuwa akiita asubuhi, "Mzee, leo unapaka nini mafuta, bunduki au nywele?" Mzee alicheka pamoja nao. Mimi niliinamia kazi. Mara nyingi nilijiambia kwamba leo nitasimama mlangoni niwaambie wote. Lakini mlango ule ulikuwa na masikio, na kwetu kulikuwa na watu waliofanya kazi Kariobangi waliopanda basi lile lile la baba mdogo. Nikajiambia nitasema kitinda mimba akimaliza darasa la saba. Akamaliza. Nikajiambia akiingia sekondari.

Tulifanya kazi hivyo miaka sita, mzee na mimi, katika kibanda kisichozidi vitanda viwili kwa upana, na sikumwona hata mara moja akiukumbusha mkono wangu kosa lake. Hiyo nayo ilikuwa upweke. Ukiwa na jambo na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hataki mlizungumze, unabaki nalo peke yako hata akiwa ameketi mbele yako.

Macho yake yalipopungua kweli alirudi kwao, akaniachia kibanda. Watu wakasema mikono ilikuwa imemchoka tangu zamani, tangu ile habari ya bunduki.

Mwaka uliofuata bwana wa Buruburu alikuja. Mvi zimemwingia, suti imekuwa kaki. Hakunitambua mara moja. Alisema ameambiwa kuna mama anayeshona vizuri, kisha akanitazama tena akacheka, "Ndiwe wewe, wa yule mzee aliyenivunjia bunduki." Kitako alikuwa amekitengenezesha. Alitaka mkanda, wa turubai safari hii, kwa kuwa wakwe walishamzoea. Nilimpima kwa kamba ya katani, nikamvika koti. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila nilipozunguka mgongo wake. Kitinda mimba alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize kidato cha nne. Baba mdogo angefanya nini tena wakati ule? Asingefanya kitu. Nilijua hivyo, na bado nilinyamaza. Alipokuja kuuchukua mkanda aliinama mara mbili chini ya ua usiokuwepo, na mkanda ukashika. Akaniambia inasikitisha kwamba mzee wangu hakujifunza kwangu.

Nilipokea sifa hiyo. Sikuirudisha.

Kitinda mimba alipata kazi Mombasa. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaolewa Thika. Chumba kikawa kikubwa ghafla, na jiko likahama kutoka kwenye kiti. Ndipo, mwaka huohuo, mtoto wa kiume wa mzee alipofika kibandani kuniletea habari kwamba baba yake walimzika wiki mbili zilizopita. Hakujua pa kuniandikia. Alikaa, akanywa chai, akaangalia zana za baba yake ukutani. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa, iwapo ni kweli mzee aliharibu bunduki ya mtu. Hata kule kwao ilikuwa imefika. Mzee alikuwa akiulizwa na kusema ndiyo, alisahau.

Nikamweleza. Yote, kuanzia chupa. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa mdomoni na yalitoka mafupi kuliko nilivyodhani.

Hakukasirika. Alifanana na baba yake alivyokuwa anafikiri, akikunja mdomo.

"Na yule mwenye bunduki, umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi bado," akasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda Buruburu. Nyumba niliijua kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Niliyapanga maneno njiani, nikayapunguza, nikayapanga tena. Mama aliyenifungulia geti alikuwa mgeni kwangu, ana mtoto kiunoni. Alisema yule bwana alihama mwezi uliopita, amepewa uhamisho, wao ni wapangaji wapya. Wapi? Hakujua, pengine Magharibi, pengine Kisumu. Barua zake bado zinaletwa hapo, labda siku moja atazifuata.

Aliniona nimesimama siondoki, akanihurumia.

"Akija nimwambie nini?"

Nilitafuta yale maneno niliyoyapanga, yote yakawa hayafai kuachiwa mtu getini.

"Mwambie mafuta nilipaka mimi."

"Mafuta gani?"

"Atajua."

Alinitazama, akamhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno, akasema sawa, atamwambia. Nikamshukuru. Sidhani kama alikumbuka hata hadi jioni, na yule bwana, kama yu hai, bado anawaambia watu kwamba ni mzee aliyepaka.